Jezi kwanza au ufunguo kwanza?

*Mbio za hisani zimelipia upasuaji wa moyo na matibabu ya saratani. Kumtoa mtu anayelala barazani ni kazi ya namna nyingine, na mji wa Philadelphia umeijaribu kwa njia mbili zinazobishana.*

Na Mwandishi Wetu

Saa 11:30 alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kundi la watu hukusanyika nje ya nyumba ya hifadhi mjini Philadelphia, Marekani. Wapo waliolala ndani ya hifadhi hiyo, kwenye vitanda vya msaada. Wapo waliotoka kwenye nyumba zao, wakaacha magari kona ya pili. Wote wamevaa viatu vya mbio, na kwa macho tu si rahisi kujua nani ni nani.

Wanakumbatiana. Wanasimama duara, mikono mabegani, wanasali ile sala fupi ya kuomba utulivu ambayo husomwa kwenye vikao vya watu wanaoacha pombe. Kisha wanaingia barabarani kabla magari hayajajaa. Wakirudi, mmoja anakwenda ofisini, mwingine anaingia kwenye foleni ya kifungua kinywa.

Utaratibu huo ulianza Julai 2007. Aliyeuanzisha, Anne Mahlum, alikuwa na umri wa miaka 26, mzaliwa wa Bismarck huko North Dakota, aliyeanza kukimbia akiwa msichana wa miaka 16 wakati kamari ya baba yake ilipoivuruga nyumba yao. Philadelphia alikuwa akipita kila alfajiri mbele ya hifadhi iitwayo Sunday Breakfast Rescue Mission. Wanaume waliosimama nje wakaanza kumsalimu. Salamu zikazaa utani, utani ukazaa mazoea.

Asubuhi moja akajiuliza kwa nini yeye anapita na wao wanabaki wamesimama. Aliwasiliana na uongozi wa hifadhi kuomba wanaume walio tayari kukimbia naye. Walipatikana tisa. Kundi likaitwa Back on My Feet, na leo lina matawi katika miji zaidi ya kumi ya Marekani.

Kundi likikua linahitaji fedha, na wakimbiaji wakitafuta fedha wanajua njia moja tu. Back on My Feet waliandaa mbio za saa 24 zilizoitwa 20in24, katikati ya joto la Julai, kando ya Mto Schuylkill. Mzunguko mmoja ulikuwa maili 8.4, yaani kilomita 13 na nusu. Timu zilipokezana usiku na mchana. Kulikuwa na waliojiandikisha kukimbia peke yao saa zote 24, na kulikuwa na waliokuja saa sita usiku kwa mzunguko mmoja tu kisha wakarudi kulala.

Ugonjwa una ankara

Msomaji wa Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi hahitaji kufundishwa mbio za hisani ni nini. Siku hizi karibu kila wikiendi kuna mahali barabara imefungwa. CRDB Bank Marathon imechangia upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon imechangia mapambano dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Wakenya wana Mater Heart Run, iliyoanza tangu miaka ya 1990, nayo ni ya mioyo ya watoto.

Moyo, saratani, fistula, mama mjamzito. Ukiyatazama mabango ya mbio kubwa za nchi zetu, ni nadra kumkuta mtu anayelala nje.

Sababu si ukatili, ni ankara. Upasuaji wa moyo una gharama inayojulikana, una daktari, una siku ya kuingia na siku ya kutoka hospitalini. Mdhamini anaweza kupiga picha na mtoto aliyepona. Mtu anayelala barazani hana ankara moja. Ana deni la kodi, hana kitambulisho, ana kidonda, ana ugomvi na ndugu, pengine ana chupa. Ukilipa kimoja, vinne vinabaki.

Wala si watu wachache. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilikuta watu 46,639, na Nairobi peke yake ikiwa na 15,337. Marekani huhesabu kila Januari, kwa usiku mmoja. Usiku huo mwaka 2024 ulitoa watu 771,480, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. 

> Mtu anayelala barazani hana ankara moja. Ukilipa kimoja, vinne vinabaki.

Sharti la siku 30

Turudi Philadelphia, maana huko mjadala umekwisha kukomaa.

Mpango wa Back on My Feet haukuishia kwenye kukimbia. Tangu mwanzo ulikuwa na masharti. Anayejiunga awe anaishi kwenye hifadhi iliyokubaliana na kundi, na awe amekaa siku 30 bila pombe wala dawa za kulevya. Akiingia, ahudhurie mbio kwa asilimia 90 katika mwezi wa kwanza. Kwa mbio tatu za wiki, maana yake ni kwamba ana nafasi ya kukosa mara moja, basi.

Akivuka hapo, milango inaanza kufunguka: mafunzo ya kazi, masomo ya kusimamia fedha, kuunganishwa na waajiri, na katika miaka ya mwanzo msaada wa hadi dola 1,250 za kumwondolea vikwazo. Hiyo ni fedha ya vitu visivyopendeza kwenye picha. Amana ya chumba. Ada ya leseni. Nauli ya mwezi wa kwanza kazini kabla mshahara haujatoka.

Wanaoutetea mpango huu wanasema mbio ni kisingizio tu. Anayelala nje huzoea kuepukwa. Watu huvuka barabara wakimwona, huongeza mwendo, hukaza mkoba kwapani. Kwenye duara la alfajiri kuna mtu anayemsubiri kwa jina, na asipotokea ataulizwa. Mwajiri naye, akiletewa mtu aliyeamka saa 11 mwezi mzima wakati wa baridi ya Philadelphia, ana sababu ya kumwamini kuliko barua yoyote ya sifa.

Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo ina tundu, nalo si dogo.

Mbio zinachuja. Mtu aliye ndani ya hifadhi, asiyelewa, mwenye miguu mizima na anayeweza kuamka alfajiri mara 12 katika mwezi mmoja, huyo tayari yuko karibu na mlango wa kutokea. Yuko wapi mzee mwenye kidonda cha kisukari mguuni? Yuko wapi mama mwenye watoto wawili ambao hana wa kumwachia? Na kijana anayesikia sauti kichwani, anayekimbia hifadhi kwa sababu kelele za watu 40 chumba kimoja zinamzidishia? Hao hawatokei kwenye picha za mbio kwa sababu hawakuingia kwenye mbio.

Kundi lenyewe halifichi sharti lake. Tatizo huanza pale mfadhili anaposoma orodha ya waliofanikiwa, akahitimisha kwamba waliobaki nje ni wavivu.

Upande wa pili wa mji huohuo

Mwaka 2008, mwaka mmoja tu baada ya Mahlum na wanaume wake tisa, Philadelphia ilipokea mpango uliogeuza masharti hayo juu chini. Pathways to Housing ulianzishwa New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis. Yeye alichoshwa na ngazi ambayo watu wenye maradhi ya akili walitakiwa kuipanda: kwanza tibiwa, kwanza acha pombe, kwanza onyesha nidhamu, nyumba baadaye. Wengi waliteleza ngazi ya pili wakarudi barabarani.

Tsemberis akawapa ufunguo siku ya kwanza. Chumba cha kupanga cha kawaida, kwenye jengo la kawaida. Mpangaji anachangia asilimia 30 ya kipato chake, hata kama kipato hicho ni posho ya ulemavu. Pombe? Litazungumzwa. Dawa? Daktari na mhudumu wa jamii watakuja kumtembelea, na kukubali tiba ni hiari yake.

Waliocheka walikuwa wengi, mpaka hesabu zilipotoka. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia miaka mitano na kukuta asilimia 88 ya wapangaji wa Pathways bado wako ndani ya nyumba, wakati kwenye mfumo wa ngazi waliobaki walikuwa asilimia 47. Kanada ikajaribu kwa watu zaidi ya 2,000 katika miji mitano, ikaona mwelekeo uleule. Finland ikaifanya kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Nchi iliyokuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makazi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilishuka hadi 3,429 mwaka 2023.

Ufunguo nao una wapinzani wake. Unahitaji nyumba, na nyumba hazipo. Unahitaji serikali isiyochoka kulipa. Finland yenyewe, baada ya kubana posho za kodi ya nyumba, ilishuhudia idadi ikipanda tena mwaka 2024 hadi 3,806, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Na Washington, Julai 24, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kuelekeza fedha za serikali kuu ziondoke kwenye mipango ya nyumba isiyo na sharti, ziende kwenye ile inayodai tiba kwanza.

Kwa hiyo Philadelphia ina makundi mawili yenye nia njema. Moja linasema: jikaze, amka, kimbia, utapata kazi, utapata chumba. La pili linasema: chukua chumba, funga mlango, lala, mengine tutazungumza kesho.

Kazi bila chumba

Kabla ya kuchagua upande, tazama kodi.

Pennsylvania, jimbo la Philadelphia, hulipa kima cha chini cha mshahara cha dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho cha serikali kuu hakijaguswa tangu 2009. Muungano wa kitaifa wa nyumba za kipato cha chini, ambao kila mwaka hukokotoa kipato kinachohitajika kulipa kodi bila kuvunjika mgongo, ulikuta mwaka 2024 kwamba kwa wastani wa nchi nzima chumba na sebule kinahitaji dola 26.74 kwa saa.

Mtu anaweza kukimbia kila alfajiri, akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini, asikose siku hata moja, na bado akarudi kulala kwenye kitanda cha hifadhi. Wapo wengi wa namna hiyo. Hakuna nidhamu inayoziba pengo la dola 19 kwa saa.

Kwa upande mwingine, wahudumu wa mipango ya ufunguo kwanza wamekuwa wakikutana na jambo ambalo takwimu za asilimia 88 hazilitaji: upweke. Mtu aliyeishi miaka kumi kwenye kona yenye watu 20, akifungiwa ndani ya kuta nne, huanza kurudi kwenye kona yake mchana. Chumba anacho. Mtu wa kumuuliza ameamkaje hana.

Nikiulizwa mimi, nitasema makundi haya mawili yanajibu maswali mawili tofauti na kila moja linadhani limejibu yote. Fedha za mbio ziende kwenye ufunguo. Alfajiri za mbio ziende kwenye mazoea ya watu. Anayezitumia mbio kama mtihani wa nani anastahili nyumba amezipa kazi isiyo yake.

> Hakuna nidhamu inayoziba pengo la dola 19 kwa saa.

Jaji anayekimbia

Los Angeles kuna mfano wa pili, wenye ladha yake. Craig Mitchell ni jaji wa Mahakama Kuu ya Kaunti ya Los Angeles. Mtu ambaye jaji huyo alimpeleka jela alimtafuta baada ya kutoka, akamwalika atembelee hifadhi ya Midnight Mission iliyompokea. Hifadhi hiyo iko Skid Row, eneo la vitalu takriban 50 katikati ya mji ambako mahema yamepangwa njia nzima ya waenda kwa miguu.

Jaji alikwenda. Mwaka 2012 akaanzisha klabu ya kukimbia hapohapo. Anavaa joho mchana, asubuhi anakimbia na watu ambao baadhi yao wamewahi kusimama kizimbani. Wanachama wanaoshikilia mazoezi na kuacha ulevi hupelekwa kukimbia marathoni nje ya nchi. Filamu ya kumbukumbu iliyotolewa mwaka 2017, *Skid Row Marathon*, inawafuata hadi Accra na Roma.

Kuna wanaoguna. Nauli ya ndege ya kwenda Roma si ingelipa kodi ya miezi kadhaa? Ingelipa. Ila hesabu hiyo, kwa haki, tungeanza kuwafanyia wakurugenzi wetu wanaokwenda semina.

Kulala nje kwa hiari

Uingereza ndiko biashara ya mbio za hisani ilikokomaa zaidi. London Marathon, iliyoanza 1981, ilichangisha pauni milioni 87.3 mwaka 2025. Mashirika ya wasio na makazi kama Shelter, Crisis na Centrepoint hununua nafasi kwenye mbio hizo, kisha humpa nafasi mkimbiaji anayeahidi kuchangisha, mara nyingi pauni 2,000 hivi. Kiingilio kwao si kitu. Fedha iko kwenye ahadi: mkimbiaji anawasumbua ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake kama sisi tunavyosambaza kadi za harusi, na kila mmoja anaweka chake.

Lakini kwa swali la makala haya, somo kubwa limetoka Scotland, na halikuwa la mbio. Desemba 2017, Josh Littlejohn, mwanzilishi mwenza wa migahawa ya Social Bite, aliwakusanya watu wapatao 8,000 walale nje usiku mmoja kwenye bustani za Princes Street, Edinburgh, katika baridi kali. Kila mmoja alikuja na michango aliyokusanya. Jumla ikakaribia pauni milioni 4.

Tukio hilo lilisemwa sana. Walioona kinyaa waliuliza ni heshima gani hiyo, watu wenye vitanda kuigiza shida kwa usiku mmoja, na mifuko ya kulalia ya bei ghali. Nakiri nami mwili ulinisisimka kidogo niliposoma habari zake.

Tazama lakini fedha zilikokwenda. Ziliwekwa kwenye mpango wa ufunguo kwanza katika Glasgow, Edinburgh, Dundee, Stirling na Aberdeen pamoja na vitongoji vyake. Serikali ya Scotland ikaongeza za kwake. Kati ya 2019 na 2022 watu zaidi ya 500 walipata nyumba kupitia mpango huo. Usiku mmoja wa kuigiza ukaisukuma serikali nzima kubadili njia, kwa sababu walioandaa walijua kabla ya kuuza tiketi ya kwanza kwamba wanatafuta funguo, si blanketi.

Kulala nje ni kosa?

Kuna jambo moja ambalo hakuna mbio zinazoweza kulikwepa: sheria.

Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3, katika kesi ya mji wa Grants Pass huko Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu kwa kulala nje kwenye maeneo ya umma, hata pale hifadhi zinapokuwa zimejaa. Faini isiyolipika inakuwa rekodi, rekodi inamfukuza mwajiri, na yule jamaa wa duara la alfajiri anarudi nyuma hatua zote alizokimbia.

Afrika tuna jibu lililotangulia, ingawa halikupigiwa makofi ya kutosha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 4, 2020, kufuatia ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji, nyingi zikiwa urithi wa wakoloni, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina vifungu vya namna hiyo. Kila msako wa "wazururaji" katika miji yetu hutokea huku maoni hayo yakiwa kabatini, Arusha.

Kamati ya mbio inayofunga barabara kwa ajili ya watu wanaolala nje, usiku uleule askari wanapowazoa ili mji uonekane safi, itakuwa imeshiriki kitu cha ajabu.

Tukizileta Dar es Salaam

Tufanye hesabu ya makadirio, si ya mbio zozote zilizokwisha kufanyika.

Wakimbiaji 1,000, kila mmoja kiingilio cha Sh35,000. Hiyo ni Sh35 milioni. Toa jezi, medali, maji, ndizi, ambulensi, vyoo vya muda, jukwaa, muziki, mashine za kuhesabu muda na posho za wanaosimamia barabara. Ukiwa na kamati yenye huruma na fedha, nusu imeliwa. Imebaki Sh17.5 milioni.

Sasa chumba kimoja cha kupanga, uswahilini, tuseme Mbagala ndani ndani, kwa Sh50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja, anataka sita: Sh300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi: Sh50,000. Godoro, jiko, ndoo mbili na sufuria: Sh150,000. Jumla nusu milioni.

Wakimbiaji 1,000 wamewapangishia watu 35.

Wengine wataiona hesabu hiyo ndogo. Mimi naiona kubwa, kwa sharti kwamba mdhamini alipie gharama zote za kuandaa, ili kiingilio chote kiende kwenye vyumba na watu wawe 70. Kinachonitia wasiwasi si idadi, ni karatasi. Kupata kitambulisho cha NIDA unahitaji mhuri wa serikali ya mtaa unaoishi, na mtu anayelala kwenye maboksi mbele ya duka la Kariakoo hana mtaa unaomkubali. Bila kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hapati mdhamini wa kazi, hapati bodaboda ya mkataba. Mbio nzuri zingekuwa na meza moja ya afisa mtendaji na afisa ustawi wa jamii pembeni ya meza ya kugawa jezi, na foleni ya meza hiyo isingekuwa ya wakimbiaji peke yao.

Watoto ni habari tofauti kabisa. Mtoto wa miaka 12 humpangishii chumba. Unamtafutia ndugu, unamlipia nauli, unamlipa mtu wa kwenda kumtazama mwezi wa pili na wa tatu kama bado yuko nyumbani na kama hapigwi. Hiyo ni mishahara ya watu wenye ujuzi, na mishahara ndiyo kitu ambacho wachangiaji huchukia kuliko vyote.

Uwezo wao, hata hivyo, tulikwisha kuuona. Mwaka 2014 huko Rio de Janeiro, timu ya watoto wa mitaani ya Tanzania ilitwaa Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani kwa kuifunga Burundi 3-1 kwenye fainali. Fainali ya Afrika Mashariki tupu, Brazil, na wengi wetu tuliisoma kwenye kona ya gazeti. Hakuna mtoto anayepanda ndege bila pasipoti, na hakuna pasipoti bila karatasi ya kuthibitisha kuzaliwa. Kwa watoto wa namna hiyo, safari ya kwenye mpira inaweza kuwa mara ya kwanza serikali kuandika majina yao.

> Wakimbiaji 1,000 wamewapangishia watu 35. Kinachotia wasiwasi si idadi, ni karatasi.

Kuna suala la picha pia, maana kamati zetu zinapenda bango. Uso wa mtu aliyelala kwenye maboksi, umechapwa kwenye jezi 1,000, utavaliwa kwenye mazoezi na kufulia nguo miaka mitatu. Yeye akishapata chumba Mbagala, atakutana nao uso huo kwa jirani. Philadelphia waliepuka hilo kwa njia nyepesi: anayeishi kwenye hifadhi yumo ndani ya mbio, ana namba kifuani kama wengine, na picha ikipigwa inakuwa ya wakimbiaji.

Halafu unakuja mwezi wa saba. Kodi ya miezi sita imekwisha, na mwenye nyumba wa Mbagala hana habari na hisani ya mtu. Anataka sita mingine.

Huko Marekani, makampuni yanayotoa fedha za udhamini kwa Back on My Feet ndiyo pia yanayoombwa nafasi za kazi. Mdhamini na mwajiri wanakaa meza moja. Hapa kwetu benki au kampuni ya simu inayoweka nembo kwenye jezi ina walinzi, wafagizi, madereva, watunza stoo na wahudumu wa chai. Nafasi 35 kati ya hizo, zikiandikwa kwenye mkataba wa udhamini kabla nembo haijachapwa mgongoni, zinatosha kulipa kodi ya mwezi wa saba na ya kumi na tatu.